Usiku tulipouacha uzio: uchambuzi wa kisa cha mashabiki wawili wa roki

Kisa ninachokichambua hapa kilichukua usiku mmoja tu, tangu milango ya ukumbi ilipofunguliwa hadi taa za dari zilipowashwa na watu wakaanza kutafutana, na kiini chake ni uamuzi uliofanywa katika muda usiofika dakika moja. Katikati ya wimbo wa tatu, mdogo wangu nami tuliuacha mstari wa mbele kabisa, ambao tulikuwa tumeupata kwa kusubiri mchana kutwa, tukarudi nyuma hadi kwenye meza ya mikseri, mtambo ambao fundi huchanganyia sauti. Bendi iliyokuwa jukwaani tulikuwa tumeipenda kwa miaka 16 bila kuwahi kuiona kwa macho. Nimeutafakari usiku ule mara nyingi, na ninauandika kwa ukamilifu kwa sababu naamini mashabiki wengi hushikilia imani tuliyoingia nayo ukumbini, kwamba aliye karibu na jukwaa ndiye aliye karibu na muziki, na ni wachache wanaoelezwa mapema kwa nini sivyo.

Bendi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa yaliyotokea hayakuwa kosa lake, na yangeweza kutokea kwa bendi yoyote ya roki yenye sauti kubwa na mashabiki waaminifu. Inatosha kujua kwamba ina watu wanne: mwimbaji ambaye pia hupiga gitaa, mpiga gitaa wa pili, mpiga besi na mpiga drams.

Jinsi tulivyoifahamu bendi hiyo ina uzito katika kisa hiki. Tulikuwa na jozi moja ya hedifoni za kuchomeka masikioni, nasi tulizigawana usiku baada ya usiku, mimi nikichukua upande wa kushoto naye wa kulia. Albamu za bendi hiyo zimerekodiwa kwa namna ambayo gitaa la mwimbaji husikika zaidi kushoto na gitaa la pili zaidi kulia, huku sauti ya kuimba, besi na ngoma kubwa zikikaa katikati. Bila kujua, kila mmoja wetu alikua na nusu ya bendi. Mimi nilijua kwa moyo korda nzito za kushoto zinazoubeba wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye alijua ile sauti nyembamba ya kulia inayopanda juu ya kiitikio na kuushika mwisho wa wimbo. Tulipobishana kuhusu uzuri wa wimbo fulani, kumbe tulikuwa tukibishana kuhusu magitaa mawili tofauti.

Kuushika uzio

Lengo letu la usiku ule lilikuwa kuushika uzio, yaani ile fensi ya chuma inayotenganisha umati na jukwaa, ambayo nyuma yake wamesimama walinzi na mbele yao hakuna kitu kingine ila bendi. Sakafu ya ukumbi haikuwa na viti. Tiketi zilikuwa za kusimama, kwa hiyo mahali pa mtu paliamuliwa na saa aliyofika. Tulifika mapema mno, tukapanga foleni pamoja na watu ambao baada ya saa chache walikuwa kama ndugu zetu, na milango ilipofunguliwa tuliingia kwa hatua za haraka hadi tukaushika uzio upande wa kulia wa jukwaa, mbele ya mpiga gitaa wa pili. Mdogo wangu ndiye aliyechagua upande huo, kwa sababu alitaka kuviona vidole vilivyokuwa vikimwimbia sikioni tangu utotoni. Mimi ni mfupi, na ukingo wa juu wa uzio ulinifika kifuani. Jambo hilo halikunisumbua wakati ule, wala sikulifikiria.

Bendi ya utangulizi ilipiga kwa nusu saa. Kisha taa zikazimwa, na sauti iliyotoka katika umati gizani ilikuwa kubwa kuliko chochote nilichowahi kukisikia kikitoka vifuani mwa watu. Niliona vivuli vinne vikiingia. Nilimshika mdogo wangu mkono, naye alikuwa akitetemeka. Ninalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba ninadharau mstari wa mbele: dakika ile, kabla ya noti ya kwanza, ilikuwa moja ya dakika bora za maisha yangu, na nisingeipata mahali pengine popote katika ukumbi ule.

Kilichoharibika kilianza na wimbo wenyewe. Niliuona mdomo wa mwimbaji ukifunguka na mshipa wa shingo yake ukisimama, lakini sauti yake haikunifikia. Nilisikia gitaa la pili, kali na karibu, kana kwamba amplifaya, yaani mtambo unaokuza sauti ya gitaa, ilikuwa imewekwa begani kwangu. Nilisikia drams, hasa matoazi. Nilihisi besi miguuni. Maneno ya wimbo niliyajua, kwa hiyo akili yangu iliyajaza yenyewe kwa muda, nami niliimba kwa nguvu nikidhani naimba pamoja naye. Ulipofika wimbo wa pili, ambao siku za karibuni mwimbaji alikuwa ameanza kuuimba kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo, ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nikimsikia hata kidogo. Mdogo wangu alitambua pia. Alichomoa vizibo vyake vya masikio, akaviweka mfukoni, akainama kuelekea kwangu huku sikio lake la kulia likibaki upande wa jukwaa, akaniuliza, "Dada, wewe unamsikia?" Nitarudi kwenye vizibo hivyo baadaye, kwa maana ndivyo vilivyogeuka kuwa gharama ya kudumu zaidi ya usiku ule kuliko nafasi tuliyoipoteza.

Sauti ya mwimbaji ilikuwa wapi

Jibu la swali la mdogo wangu ni kwamba sauti ile ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyetu. Katika tamasha la roki, magitaa na drams vina nguvu yake jukwaani hata bila mitambo ya ukumbi: ngoma hupigwa kwa fimbo na hulia zenyewe, na gitaa lina amplifaya yake nyuma ya mpigaji. Mwimbaji hana chombo cha namna hiyo. Sauti yake huingia katika maikrofoni, husafiri kwa waya hadi kwenye mikseri iliyo katikati ya ukumbi, huchanganywa na vyombo vingine, kisha hurudishwa kwenye spika kubwa zilizotundikwa pande mbili za jukwaa. Asiyefikiwa na spika hizo hamsikii mwimbaji, hata kama anaweza kuyaona meno yake.

Spika hizo hutundikwa juu kwa sababu nzuri. Sauti inayotoka kwenye chanzo kidogo mahali pa wazi hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika ikiwekwa chini, mita 2 kutoka kwa msikilizaji wa kwanza, naye wa mwisho akawa mita 32, umbali umeongezeka maradufu mara nne, na tofauti kati yao ni desibeli 24: wa kwanza anaumizwa na wa mwisho anasikia mnong'ono. Ikiinuliwa juu kiasi kwamba aliye karibu zaidi yuko mita 10 nayo na aliye mbali yuko mita 40, tofauti hushuka hadi desibeli 12. Mitambo ya leo, ambayo spika zake hupangwa moja chini ya nyingine katika safu ndefu inayopinda kuelekea chini, hupunguza tofauti hiyo zaidi kwa kuelekeza spika za juu mbali na za chini karibu. Hata hivyo safu ina mwisho wake, na aliyebanwa kwenye uzio mara nyingi yuko chini ya mwisho huo.

Mafundi wanalijua tatizo hili, ndiyo maana huweka spika ndogo kwenye ukingo wa jukwaa kwa ajili ya watu wa mbele. Spika hizo zilikuwapo usiku ule pia, niliziona. Zilishindwa na amplifaya ya gitaa iliyokuwa hatua chache kutoka kwetu, imeelekezwa moja kwa moja kwenye nyuso zetu. Tena kuna badiliko moja ambalo shabiki aliyezoea kusikia simulizi za matamasha ya zamani anaweza asilijue. Zamani wanamuziki walijisikia kupitia spika zilizolazwa sakafuni mbele ya miguu yao, na sauti ya mwimbaji ilivuja kutoka kwenye spika hizo hadi kwa watu wa mbele. Siku hizi waimbaji wengi huvaa visikilizi masikioni, jambo linalolinda masikio yao na kuwawezesha kuimba kwa usahihi, lakini limeiondoa jukwaani sauti ileile iliyokuwa ikiwafikia walioshika uzio.

Historia ya roki ina mifano miwili ninayoikumbuka kila ninapofikiria jambo hili. Tarehe 15 Agosti 1965 bendi ya Beatles walipiga katika uwanja wa Shea jijini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na amplifaya za wati 100 zilizohesabiwa kuwa kubwa mno kwa wakati ule, na sauti zao za kuimba zikipitishwa katika vipaza sauti vya uwanja vilivyowekwa kwa ajili ya matangazo ya mchezo wa besiboli. Kelele za mashabiki ziliufunika muziki, na wanamuziki wenyewe hawakuweza kujisikia. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead walijaribu kulimaliza tatizo kwa njia ya ajabu: walijenga ukuta mzima wa spika na kuusimamisha nyuma yao, ili wanachokisikia wao kiwe ndicho kinachosikika ukumbini. Kwa kuwa maikrofoni zilielekea ukuta huo na zingepiga ukelele, kila mwimbaji alipewa maikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume, akaimbia moja tu, ili sauti za ukuta zilizoingia katika zote mbili zifutane na sauti yake ibaki. Mtambo huo ulikuwa mzito na wa gharama kubwa, na haukuendelea kutumika baada ya mwaka huo. Mimi huuona kuwa kazi ya upendo. Watu wale walikataa kukubali kwamba lazima mtu fulani ukumbini asikie nusu ya wimbo.

Wimbo wa tatu

Wimbo wa tatu ulikuwa ule ambao hata wasioijua bendi wanaujua. Gitaa la mwanzo lilipoanza, umati wote nyuma yetu ulisogea mbele mara moja, nami nikasikia mbavu zangu zikikutana na chuma.

Ni muhimu kueleza hali hii kwa usahihi, kwa sababu watu husema "walikanyagana" hata pale ambapo hakuna aliyekanyagwa. Watu wakiwa wachache katika kila mita ya mraba, kila mmoja huamua aende wapi. Wakifika watano au sita, uamuzi huo huanza kuwatoka. Wakikaribia saba, umati huwa kama maji: msukumo ulioanzia nyuma husafiri kama wimbi hadi mbele, na anayesukuma kule nyuma hajui kabisa kwamba nguvu yake, ikijumlishwa na ya wengine mia, imeishia kwenye kifua cha mtu mmoja. Hatari kubwa si kuanguka bali ni kifua kukosa nafasi ya kupanuka. Mtu hufa akiwa amesimama wima, bila jeraha linaloonekana.

Roki imelipa bei ya somo hilo. Tarehe 3 Desemba 1979 vijana 11 walikufa nje ya milango ya ukumbi wa Riverfront Coliseum mjini Cincinnati, Marekani, wakisubiri kuingia kuiona bendi ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na nambari za viti, milango iliyofunguliwa ilikuwa michache, na waliokuwa nyuma walidhani muziki umeanza. Bendi ilipiga tamasha lote na kuambiwa habari hiyo baada ya kumaliza. Tarehe 30 Juni 2000, katika tamasha la Roskilde nchini Denmark, umati ulisukumana wakati bendi ya Pearl Jam ikiwa jukwaani. Mwimbaji alisimamisha muziki na kuwasihi watu warudi nyuma, lakini mashabiki tisa walipoteza maisha. Wote walikuwa watu kama sisi, waliosubiri kwa muda mrefu kwa sababu ya upendo. Sidai kwamba hali yetu ilifika huko, la hasha. Ninachosema ni kwamba ilikuwa ya aina ileile, ingawa ndogo, na mtu aliyemo ndani yake hana namna ya kujua itakomea wapi.

Nilifanya jambo moja sahihi, nalo nililifanya kwa bahati kuliko kwa maarifa: nilikunja mikono mbele ya kifua kabla ya wimbi la pili, ngumi zikiwa chini ya kidevu, na hivyo nikajipatia nafasi ndogo ya kuvuta pumzi. Mdogo wangu aligeuka akauona uso wangu.

"Dada, unapumua?"

"Kidogo."

Alitazama jukwaani. Mpiga gitaa wa pili alikuwa amesogea hadi ukingoni, mguu mmoja juu ya spika, na vidole vyake vilikuwa umbali ambao ungeweza kuhesabu pete. Ulikuwa ni wakati uleule aliousubiri tangu akiwa na umri wa miaka minane. Angeweza kuniambia nivumilie hadi wimbo uishe, nami ningevumilia. Badala yake alimpungia mlinzi mikono yote miwili na kunionyesha mimi. Wimbi lilipotulia kidogo, walinzi wawili walinishika kwapani wakaninyanyua juu ya uzio kama mtoto, kisha wakamnyanyua na yeye, kwa sababu alikuwa ameshasema, "Natoka na dada yangu." Hiyo ndiyo njia ya kutoka kwa aliye mbele kabisa. Kurudi kinyume na umati huwezi, ila kupandishwa juu ya uzio na kupitia kichochoro cha walinzi inawezekana. Anayetoka kwa njia hiyo hurudishwa ukumbini kupitia pembeni, na nafasi yake imekwenda.

Matembezi yale yalichukua labda dakika mbili, na ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Tulipokuwa katika kichochoro chini ya jukwaa, gitaa lilikuwa bado limejaa kila mahali. Tulipofika pembeni, likafifia ghafla, na badala yake ikaja besi nzito isiyo na umbo. Tulipoanza kurudi nyuma kandokando ya ukuta, maneno yakaanza kutokea, kwanza vokali tupu, kisha silabi, na tulipokata kona kuelekea katikati ya ukumbi nikasikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mtu yule akiimba.

Kando ya mikseri

Meza ya mikseri huwekwa karibu na mstari wa katikati, mkabala na jukwaa, kwa sababu fundi wa sauti lazima asikie kile ambacho hadhira inasikia. Hilo peke yake lilipaswa kutuelekeza tangu mwanzo. Mtu aliyekabidhiwa muziki wote wa usiku ule, ambaye angeweza kuomba awekwe popote, alikuwa amewekwa pale. Meza yenyewe imezungushiwa uzio, na watu wanaosimama nyuma yake au ubavuni mwake wanakingwa na mawimbi ya umati kama mashua iliyo nyuma ya mwamba. Tulipata nafasi ubavuni. Ningeweza kunyoosha mikono yote miwili.

Tulikuwa mita 30 hivi kutoka jukwaani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo fimbo ya mpiga drams ilionekana ikigusa ngoma chini ya moja ya kumi ya sekunde kabla ya mlio kutufikia. Nililiona hilo kwa nyimbo mbili za kwanza, kisha jicho likazoea. Sura za wanamuziki zilikuwa ndogo. Jasho lao sikuliona tena.

Lakini magitaa yalikuwa mawili. Fundi wa bendi ile alikuwa ameyatenganisha kama yalivyo katika albamu, la mwimbaji kushoto na la pili kulia, si kwa ukali wa hedifoni bali kwa kiasi cha kutosha, na kwa kuwa tulikuwa karibu na katikati, spika za pande zote mbili zilitufikia kwa usawa. Kule mbele tulikuwa na gitaa moja tu, la mdogo wangu, tena lililozidi mno; gitaa langu la utotoni sikuwa nimelisikia kabisa tangu tamasha lianze. Sasa nililisikia likiubeba wimbo, na juu yake likipanda lile jingine, na kati yao sauti ya mwimbaji ikiwa na nafasi yake. Mdogo wangu alifunika sikio la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto, kisha akayaachia yote mawili. Akanisogelea. "Dada," akasema, "hili la kushoto ndilo ulilokuwa ukiniimbia kwa mdomo." Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa nikimwimbia.

Kwa haki ya uchambuzi, siwezi kuyapa mahali pale sifa zote. Mafundi hujaribu mitambo mchana, ukumbi ukiwa mtupu, na miili ya watu ikishaingia hufyonza sauti, hasa zile nyembamba, kwa hiyo nyimbo za kwanza za tamasha mara nyingi ni nyimbo ambazo fundi bado anarekebisha. Tulipofika kwenye mikseri ulikuwa wimbo wa nne, na nilimwona fundi akigusa vidhibiti vyake mara chache tu. Sehemu ya ubora tuliousikia ilitokana na muda. Sehemu nyingine, nakiri, ilitokana na kupumua. Hata hivyo, sauti ya mwimbaji haikuwapo kule mbele kwa sababu ya umbo la ukumbi na mitambo, na isingetokea hata kama tungesubiri hadi wimbo wa mwisho.

Wimbo wa saba ulikuwa wa polepole. Wengine watatu waliacha kupiga, taa zikabaki moja, na mwimbaji akabaki na gitaa lake. Ukumbi mzima ulinyamaza kwa namna ambayo sikujua kwamba maelfu ya watu wanaweza kunyamaza. Kabla ya kila mstari nilisikia pumzi yake ikiingia. Pumzi hiyo imo katika albamu. Nimeisikia mara elfu, nikidhani ni kitu cha studio. Pale ilikuwa ya mtu aliyekuwa akivuta hewa ileile niliyokuwa nikivuta mimi, na nililia bila kujificha, naye mdogo wangu pia.

Wapo mashabiki, nami nawaheshimu, watakaosema kwamba sauti safi inapatikana nyumbani na kwamba mtu huenda ukumbini ili aone, aguswe, abebwe na wenzake. Aliyeona mara kumi bendi yake ana haki ya kuchagua uzio mara ya kumi na moja, akijua anachokiacha. Aliyechukua nafasi yetu huenda alipata kipande cha gitaa kilichorushwa mwishoni, na ninamwombea heri. Nisilolikubali ni kwamba nafasi ile ni kipimo cha upendo, na kwamba anayesimama nyuma amependa kidogo. Mdogo wangu hakupungua ushabiki alipoonyesha mikono kwa mlinzi.

Masikio

Limebaki suala la vizibo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha usikilizaji salama kwa kumbi na matamasha, kinachopendekeza wastani wa sauti usizidi desibeli 100 ndani ya kila dakika 15, pamoja na vizibo kutolewa kwa hadhira na kuwapo mahali tulivu pa kupumzisha masikio. Tusome kiwango hicho pamoja na kanuni inayotumiwa kwa wafanyakazi: desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Hesabu hiyo hufika desibeli 100 pale muda uliobaki ni dakika 15. Tamasha la saa mbili linavuka mpaka huo mara nyingi hata likiwa limesimamiwa vizuri, na mwenye kusimama mbele ya amplifaya ya gitaa anapata zaidi ya kile ambacho kifaa cha kupimia kwenye mikseri kinaonyesha.

Tulikuwa tumevaa vizibo vyenye kichujio, vile vinavyopunguza sauti nene na nyembamba kwa kiasi kinachokaribiana, tofauti na vya sponji ambavyo hukata zaidi sauti nyembamba na kuufanya muziki usikike kama uko nyuma ya ukuta. Mdogo wangu alivitoa vyake kule mbele akimtafuta mwimbaji. Alidhani vizibo ndivyo vinavyoificha sauti. Sauti haikuwapo, na kilichoingia katika sikio lake lililo wazi upande wa jukwaa, la kulia, kwa wimbo mmoja na nusu, ni gitaa alilolipenda kuliko vyote.

Asubuhi iliyofuata aliniambia kwamba sikio hilo linalia kama mbu na kwamba upande wa kulia umekuwa mzito. Aliweka albamu, akavaa hedifoni zote mbili, akasema matoazi yamekuwa kama karatasi na gitaa la kulia limerudi nyuma ya pazia. Hali hiyo inajulikana: chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio huchoshwa na sauti kubwa, na mara nyingi hupata nafuu baada ya saa kadhaa au siku chache; zikifa, hazioti tena kwa binadamu. Nilimwambia asisikilize chochote, asivae hedifoni, na kama siku mbili zikipita bila mabadiliko tungeenda kwa daktari wa masikio bila kungoja zaidi. Sikumweleza jinsi nilivyoogopa. Alikuwa ameniondoa mimi kwenye uzio mapema, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaumia kabla sijamwambia avirudishe vizibo, ilhali mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyemnunulia.

Jioni ya siku ya pili simu yangu ililia. Nyuma ya sauti yake nilisikia wimbo wa tatu ukipigwa polepole chumbani kwake, kwa sauti ya chini sana.

"Dada," akasema, "la kulia limerudi."